Mdoli wa Haydom, Miwani ya Busia na Wakunga wa Utende

Mashua zinazotoka Chole, Juani na Jibondo hutia nanga Utende. Kijiji hiki kiko kusini-mashariki mwa kisiwa cha Mafia, kikiitazama Ghuba ya Chole, na ndipo yalipo makao ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995. Watalii wanakijua kwa matumbawe na kupiga mbizi. Mama mjamzito wa Juani aliyeshikwa na uchungu usiku anakijua kwa jambo jingine: hapo ndipo anaposhushwa chomboni na kupandishwa pikipiki au gari, aanze safari ya karibu kilomita 15 kuvuka kisiwa hadi hospitali ya wilaya, Kilindoni. Maji yakiwa yamekupwa, chombo hukwama mbali na ufuko na watu humalizia kwa miguu. Kusi likivuma katikati ya mwaka, ghuba nayo huchafuka. Na kukishindikana Kilindoni, mbele kuna bahari tena: ama kivuko hadi Nyamisati upande wa bara, ama ndege ndogo kwenda Dar es Salaam.

Safari hiyo imezungumzwa sana katika mipango ya afya, na inastahili. Lakini kuna muda mwingine usiopimwa kwa kilomita. Mtoto akizaliwa bila kulia wala kupumua, aliyempokea ana kama dakika moja ya kumkausha, kumsugua mgongo, kumsafisha njia ya hewa ikibidi, na akiwa bado kimya, kumfunika pua na mdomo kwa kinyago na kuanza kumsukumia hewa kwa ule mpira ambao wauguzi wanauita ambu. Walimu wa ukunga wameipa dakika hiyo jina la Dakika ya Dhahabu. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, na kuchapishwa mwaka 2012, ulifuatilia watoto zaidi ya 5,800. Kwa wale waliohitaji kusukumiwa hewa, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu.

Ndani ya muda huo hakuna boti, ndege wala gari la wagonjwa litakalowahi. Kuna mikono iliyomo chumbani tu. Swali ni mikono hiyo ilifundishwa wapi, kwa njia gani, na mara ya mwisho ilifanya zoezi lini.

Kwa vizazi vingi mkunga wa pwani alifundishwa na mkunga mwenziwe. Mwanamke mtu mzima, aliyekwisha kuzaa, alimfuata bibi au mama mkwe chumbani, akashika taa, akachemsha maji, akatazama, hata siku ikafika akaachiwa kazi mwenyewe. Elimu hiyo ilikuwa na heshima yake na maarifa yake, na wapo kina mama wengi walio hai leo kwa sababu yake. Udhaifu wake ulikuwa kwamba aliyejifunza hatari alijifunza juu ya mwili wa mama aliyekuwa hatarini. Mkunga aliyewahi kuona damu ikivuja bila kukatika mara moja maishani, alijifunza mara moja hiyo hiyo, na mama ndiye aliyelipa ada.

Hospitali hazikuiondoa tabia hiyo kwa haraka. Tanganyika ilipata sheria ya kusajili wauguzi na wakunga mwaka 1952, na Baraza lao likaundwa mwaka 1953. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali ya Princess Margaret jijini Dar es Salaam, ambayo sasa ni Muhimbili. Mwanafunzi alisoma darasani, akaenda wodini na sare iliyopigwa pasi, akasimama nyuma ya sista na kutazama. Sindano yake ya kwanza aliichoma kwenye msuli wa mgonjwa. Mtoto wa kwanza aliyemsukumia hewa alikuwa mtoto wa mtu.

Wazo la kumpa mwanafunzi mwili usio na uhai ajaribu kwanza ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani, na lilianzia kwa wakunga. Mwaka 1759 mfalme Louis XV wa Ufaransa alimpa mkunga Angélique du Coudray hati ya kuzunguka nchi nzima kufundisha wanawake wa vijijini kuzalisha. Alisafiri na kifaa alichokishona mwenyewe kwa kitambaa na ngozi: kiwiliwili cha mama kuanzia kiunoni hadi mapajani, tumbo la uzazi ndani yake, na mtoto wa kitambaa aliyeweza kugeuzwa na kutolewa. Wanafunzi wake wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mafunzo yalipita kwenye vidole. Aliwafundisha maelfu kwa zaidi ya miaka 20. Kifaa kimoja kati ya hivyo bado kipo katika jumba la makumbusho mjini Rouen, na mishono yake inaonekana wazi.

Wauguzi walipata wa kwao mwaka 1911. Chuo cha wauguzi cha Hospitali ya Hartford, Marekani, kilimwomba Martha Jenks Chase, fundi wa midoli wa jimbo la Rhode Island, awatengenezee mdoli mwenye kimo cha mtu mzima. Wanafunzi walimgeuza kitandani, wakamwogesha, wakamfunga bandeji, na kizazi baada ya kizazi wakamwita Bi Chase. Baadaye aliongezewa mkono wa kuchomwa sindano. Mdoli huyu hakulalamika, hakuvuja damu, na hakufa mwanafunzi alipokosea. Kwa mara ya kwanza katika uuguzi, kosa likawa sehemu halali ya masomo.

Kutoka hapo historia inahamia Stavanger, mji wa bandari wa Norway, kwa mtu aliyekuwa akitengeneza vitu vya kuchezea watoto. Åsmund Lærdal aliwahi kumwokoa mwanawe mdogo aliyekaribia kuzama majini. Madaktari walipomjia na haja ya mdoli wa kufundishia watu kumpulizia hewa aliyeacha kupumua, alielewa wanachotaka. Mwaka 1960 alimtoa Anne, mdoli wa plastiki laini mwenye kifua kinachoinuka hewa ikiingia. Kiwanda cha midoli kikageuka kiwanda cha vifaa vya kuokoa uhai, na Stavanger ukawa mji ambao jina lake limerudi tena na tena katika vyumba vya kujifungulia vya Tanzania.

Lilirudi kwa njia ya Haydom. Hospitali hiyo ilijengwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway, ikaanza kazi mwaka 1955 katika nyanda za juu za Mbulu, mbali na kila mji mkubwa. Hadi miaka ya 2000 ilikuwa inazalisha maelfu ya kina mama kila mwaka, karibu wote mikononi mwa wakunga, kwa sababu daktari wa watoto hakuwepo mlangoni akisubiri. Wataalamu wa Stavanger walipotaka kujua kama zoezi la mdoli linaokoa watoto kweli, na si kupendeza darasani tu, mahali pa kuulizia palikuwa hapo.

Mdoli mwenyewe anastahili kutazamwa kwa karibu. Anaitwa NeoNatalie. Akiwa mkobani ni ngozi tupu ya plastiki, iliyokunjwa, isiyo na uzito. Mwalimu anamjaza maji ya uvuguvugu, karibu lita mbili, na hapo hapo anakuwa mzito mkononi, kichwa kinaanguka nyuma kisipokingwa, mwili unateleza kama wa mtoto aliyetoka kuzaliwa. Mirija myembamba inatoka kwenye kiwiliwili hadi kwenye vibofu vidogo mkononi mwa mwalimu. Akikibonyeza kimoja, kitovu kinapiga kama mapigo ya moyo. Akibonyeza kingine, mtoto analia au anapumua. Asipobonyeza, mtoto yuko kimya na mwanafunzi ana dakika moja. Kinyago kikikaa vibaya, hewa inatoroka pembeni na kifua hakiinuki. Kikikaa sawasawa, kifua kinapanda. Hakuna umeme unaohitajika, na hakuna kompyuta.

Mdoli huyo alibeba mpango uliobuniwa chini ya chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, uliolenga kuwasaidia watoto wachanga kupumua kwa vifaa vichache na michoro inayoeleweka. Tanzania iliujaribu mapema, kuanzia Septemba 2009, katika hospitali 8. Matokeo yaliyoandikwa na Georgina Msemo wa Wizara ya Afya na wenzake yalitoka mwaka 2013, yakiwa yamehesabu watoto zaidi ya 86,000. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Watoto waliozaliwa wakiwa wamekufa muda mfupi kabla walipungua kwa asilimia 24. Sehemu ya hao wa pili, bila shaka, ni watoto ambao zamani wangeandikwa daftarini kuwa wamekufa tumboni, kumbe walikuwa hawajapumua tu na hakuna aliyejaribu.

Takwimu kama hizo zingetosha kumaliza habari kwa furaha. Haydom haikuishia hapo, na kwa hilo taifa zima lina deni kwake.

Mwezi Aprili 2010 wakunga na wauguzi wa hospitali hiyo walipewa mafunzo ya siku moja. Miezi 7 baadaye walipimwa mbele ya mdoli. Kabla ya mafunzo ni asilimia 18 tu waliofaulu zoezi la kumwokoa mtoto asiyepumua. Sasa walifaulu asilimia 74. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha semina angefunga faili na kuandika ripoti ya mafanikio. Watafiti, wakiongozwa na Hege Ersdal wa Stavanger, walikuwa na kitu ambacho semina nyingi hazina: watu waliosimama katika chumba cha kujifungulia mchana na usiku, saa mkononi, wakiandika kilichofanyika kwa kila mtoto halisi. Na pale chumbani hakikubadilika kilichotarajiwa. Watoto waliosukumiwa hewa hawakuongezeka. Kusugua mgongo, hatua rahisi kuliko zote, hata kulipungua. Watu wale wale waliofaulu mbele ya mdoli waliendelea na mazoea yao mbele ya mtoto.

Walichapisha matokeo hayo mwaka 2013 bila kuyaficha. Ni ujasiri unaohitaji kutajwa, kwa sababu nchi hizi zimejaa mafunzo ya siku moja, yenye chai, posho na picha ya pamoja, ambayo hakuna aliyewahi kurudi wodini kuyapima.

Dawa waliyoijaribu ilikuwa ndogo sana hata ikatia shaka. Kuanzia Februari 2011 mdoli aliwekwa kwenye chumba cha kujifungulia chenyewe, na zoezi likafanyika kila wiki kwa dakika 3 hadi 5. Mkunga anafika zamu, anamkuta mdoli, anapewa hali: mtoto huyu hajalia. Anafanya, anasahihishwa, anaendelea na kazi. Estomih Mduma wa Haydom aliongoza hesabu ya mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada, jumla ya watoto karibu 9,700. Mara hii wodi ilibadilika. Watoto waliosuguliwa mgongo na kusafishwa njia ya hewa waliongezeka, wakapungua wale waliofikia kuhitaji ambu, na vifo ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Hospitali ilikuwa ile ile, watu wale wale, mdoli yule yule. Kilichoongezeka ni marudio ya dakika chache kila wiki.

Karibu na wakati huo huo alikuja mdoli mwingine, wa kuvaliwa. MamaNatalie ni tumbo la mpira ambalo mwalimu analifunga kiunoni, lenye mfuko wa maji mekundu ndani. Mwalimu anakuwa mama: analalamika, anasukuma, anajifungua, kondo la nyuma linatoka, kisha anafungua damu. Mkunga asipokanda tumbo la uzazi na kutoa dawa, damu haikatiki, nayo inatiririka hadi sakafuni. Walioliona zoezi hilo wanajua chumba kinavyonyamaza damu inapoanza kushuka, ingawa kila mtu anajua ni rangi. Haydom walilifanya kuanzia mwaka 2012, na likasambaa.

Hapa ndipo Utende inapoingia tena, na inaingia na tatizo lake lenyewe.

Haydom ina maelfu ya vizazi kwa mwaka. Mkunga wake anakutana na mtoto asiyepumua mara nyingi, na zoezi la wiki linampa namna ya kuusahihisha uzoefu ambao tayari anao. Zahanati ya kijiji ni jambo jingine. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007, ulioahidi zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, huduma imesogezwa karibu na watu, na wanawake wameitikia. Mwaka 2010 nusu ya vizazi Tanzania ndivyo vilivyofanyika katika vituo vya huduma. Kufikia uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 vilikuwa asilimia 81. Ni mabadiliko makubwa ndani ya miaka 12. Lakini vizazi vilivyotoka nyumbani vimegawanyika katika maelfu ya vyumba vidogo, kila kimoja na muuguzi mmoja au wawili, na katika chumba kinachopokea vizazi vichache kwa mwezi, mtoto aliyeshindwa kupumua anaweza kutokea mara moja katika miezi mingi. Muuguzi hajapata kosa la kujifunza nalo. Nahodha aliyekaa bara msimu mzima hupapasa usukani siku ya kwanza ya kurudi baharini, na yeye angalau ana muda wa kuzoea upya.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha mahali hasa panapouma. Kati ya uchunguzi wa 2015-16 na ule wa 2022, vifo vya kina mama vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Vifo vya watoto katika siku 28 za kwanza vilikuwa 25 kwa kila 1,000, vikawa 24. Mama amevushwa, mtoto mchanga amebaki karibu pale pale. Mfumo wa m-mama, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kitaifa mwaka 2022 ili kumfikisha mama na mtoto hospitali kwa kupiga simu 115, unashughulikia safari. Dakika ya kwanza inabaki mikononi mwa aliyepo.

Kwa hiyo mtu anayefikiria Mafia anajiuliza: nani atampelekea muuguzi wa kisiwani marudio ya kila wiki? Mwalimu hawezi kuvuka ghuba kila Jumatatu. Ni swali hili, kuliko mvuto wa kitu kipya, linaloifanya teknolojia ya uhalisia pepe istahili kutazamwa kwa makini.

Teknolojia hiyo ina umri mkubwa kuliko sura yake. Mwaka 1968 Ivan Sutherland na wanafunzi wake, nchini Marekani, walitengeneza miwani mizito iliyolazimika kuning'inizwa darini. Aliyeivaa aliona maumbo ya mistari yakielea chumbani, na alipogeuza kichwa maumbo yaligeuka naye. Kwa miongo kadhaa ilibaki maabara na jeshini. Kilichoishusha bei ni simu: mwaka 2014 Google walionyesha kwamba kipande cha boksi gumu, lenzi mbili na simu ya kawaida vinatosha kumweka mtu ndani ya chumba kisichokuwepo.

Mwaka huo huo Baraza la Kitaifa la Bodi za Uuguzi la Marekani lilitoa matokeo ya utafiti wake katika vyuo 10, kwa wanafunzi 666 waliofuatwa hadi kuhitimu. Baadhi yao walifanya nusu ya saa zao za wodini kwa mazoezi ya kuigiza badala ya wagonjwa, na hawakuwa nyuma ya wenzao katika maarifa wala kazini. Vyuo vya huko vikayafungulia milango mazoezi hayo. Mwaka 2020, Uviko-19 ulipowatoa wanafunzi wodini, wagonjwa wa kwenye kioo wakawa wengi ghafla.

Afrika Mashariki haikukaa kusubiri mabaki. Jijini Nairobi, katika mpango wa utafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome Trust, Mike English na wenzake walikuwa wameshatumia miaka mingi kuwafundisha madaktari na wauguzi wa Kenya huduma ya dharura kwa watoto. Kozi ilikuwa nzuri, lakini ilihitaji walimu, ukumbi na siku kadhaa nje ya kazi, na idadi ya wahudumu waliohitaji kufikiwa ilikuwa kubwa mno. Wakishirikiana na Chris Paton wa Chuo Kikuu cha Oxford, walibuni mchezo wa simu walioupa jina LIFE. Anayecheza anaingia katika hospitali ya kubuni inayofanana na ya kwetu, anaitwa kwa mtoto asiyepumua, anatafuta vifaa, anaamua hatua ya kwanza ni ipi. Akikosea, mchezo unamweleza na kumrudisha. Uliwekwa kwenye simu za kawaida, na ukatengenezwa pia kwa ajili ya miwani.

Mtihani mkali zaidi wa uhalisia pepe ulifanyika magharibi mwa Kenya, Busia, mpakani na Uganda, pamoja na Lagos, Nigeria. Rachel Umoren wa Chuo Kikuu cha Washington na washirika wake wa Nigeria, Kenya na Marekani waliwachukua wauguzi na wakunga 274 na kuwafundisha wote kwa mdoli, kwa njia ile ile ya Haydom. Kabla ya kozi hiyo walikuwa wamewagawa mafungu matatu kwa kura. Wote walikuwa na mwongozo wa kusoma kwenye simu. Fungu moja liliongezewa video. Jingine liliongezewa programu ya uhalisia pepe: simu ndani ya miwani ya bei nafuu, chumba cha kujifungulia, mtoto mezani, na sauti inayomwambia mkunga kwamba muda unakwenda. Baada ya miezi 6 walipimwa tena.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yanapaswa kusomwa polepole na kila mtu anayetaka kununua miwani hiyo, na pia na kila anayeidharau. Katika zoezi refu la kumwokoa mtoto hatua kwa hatua, waliovaa miwani walifaulu asilimia 62, wa video 60, wa mwongozo peke yake 49. Tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha watafiti kuitangaza ushindi, na hawakuitangaza. Lakini ukiwalinganisha na walivyokuwa mara tu baada ya kozi, mafungu mengine mawili yalikuwa yameshuka, na la miwani lilikuwa limebaki pale pale, hata juu kidogo. Mpangilio wa hatua, kujua kipi kinafuata na lini, ulikuwa umehifadhiwa.

Mikono ilikuwa na habari nyingine. Kipimo cha kutumia ambu na kinyago sawasawa walikifaulu asilimia 28 ya waliovaa miwani, 25 ya wa video, na 22 ya wa mwongozo. Wote walikuwa wamesahau, ingawa wa miwani walipungua kwa pointi 15 na wa mwongozo kwa 27. Ndani ya miwani mkunga anaamua kuweka kinyago, anakiona kikikaa, anaona kifua kikiinuka. Hahisi kidevu kikiteleza chini ya vidole vyake, wala hewa ikitoroka kando ya shavu. Kioo hakiwezi kumfundisha hilo. Asilimia 95 ya waliojibu walisema wangeitumia tena, na hilo ni jambo kubwa, maana zoezi lisilopendwa halirudiwi. Lakini mtoto anahitaji vyote viwili: kichwa kinachokumbuka mpangilio na vidole vinavyokumbuka shavu.

Busia na Haydom, zikisomwa pamoja, zinasema jambo moja kwa njia mbili. Ujuzi wa dharura hufifia ndani ya miezi, hata kwa mtu hodari aliyefundishwa vizuri, na hufifia haraka zaidi kwa anayeuhitaji kwa nadra. Si suala la uvivu wala la akili. Muuguzi wa kijijini aliyeganda mbele ya mtoto asiyelia mara nyingi analaumiwa kwa kutojua, wakati alijua, siku alipofundishwa.

Tanzania yenyewe imeendelea na njia ya marudio, sasa kwa kiwango kikubwa. Mradi uliokua kutoka Haydom uliingia katika hospitali na vituo vya afya 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Walipelekewa midoli, kifaa cha kusikiliza mapigo ya mtoto tumboni kiitwacho Moyo, ambu iliyoundwa upya iweze kusimama wima mkononi, na zaidi ya vyote, mtu wa ndani ya kila kituo mwenye jukumu la kuongoza mazoezi mafupi na kuzitazama takwimu za kituo chake. Februari 2025 Benjamin Kamala na wenzake walitoa matokeo, wakiwa wamefuatilia kina mama zaidi ya 280,000 na watoto wao. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Mikoa haikulingana, mingine ilishuka sana na mingine la, na watafiti waliliandika hilo pia.

Mkoa wa Pwani, ambamo Mafia imo, haukuwa miongoni mwa mitano hiyo. Kwa wilaya kama Mafia, yenye hospitali moja na zahanati zilizotawanyika kwenye visiwa, gharama ya kuanza si ya kutisha. Programu ya simu inaweza kufanya kazi ambayo mwalimu hawezi: kuwepo Jibondo usiku wa zamu tulivu, kumkumbusha muuguzi aliye peke yake hatua ya pili baada ya ya kwanza, kumruhusu akosee mara kumi bila kuonwa na mtu. Mdoli mmoja wa maji kwa kila chumba cha kujifungulia, kando ya ambu ile ile itakayotumika kwa mtoto halisi, anafanya kazi ambayo simu haiwezi. Kinachobaki ni jina la mtu mmoja kwenye ratiba ya zamu ya kila kituo, atakayemjaza mdoli maji kila Jumatatu asubuhi na kumwambia mwenzake kwamba mtoto huyu hajalia.